Aliyeimba Kiitikio

Siku ya Uhuru, saa tatu kasoro asubuhi, kinyozi wa kona ya barabara kuu alifagia nywele za wateja wa jana, akanyunyiza maji kutuliza vumbi, kisha akaingiza benchi lake ndani ili pale nje pabaki wazi. Mzinga wa kwanza ulipolia uwanjani, mwanamume mwenye shati jeupe alianguka kifudifudi pale penye maji, kama anavyoanguka kila mwaka. Kinyozi alipunguza sauti ya redio, akaendelea kunoa mkasi.

Yule mtu alilala mpaka mzinga wa ishirini na moja. Halafu akaketi, akajipangusa magoti, akamtazama mwanamke aliyesimama kando yake na mwavuli.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Umezidi kukonda."

Mwanamke huyo alikuwa na miaka minne baba yake alipopigwa risasi kwenye kona hiyo, miezi michache kabla ya uhuru. Sasa ana sitini na nne, ni karani mstaafu wa masjala ya hospitali, na kiuno kinamsumbua. Baba bado ana ishirini na saba. Wapita njia humwambia binti ana bahati kupata kijana mwenye adabu namna ile, naye ameacha kuwasahihisha. Kila mwaka hukaa naye mpaka saa saba mchana, gwaride linapokwisha, ndipo baba hutoweka.

Mwaka huo kamati ya sherehe ilikuwa inajenga ukuta wa majina ya waliouawa wakidai uhuru. Binti aliandika barua tatu. Alijibiwa kwamba jina la baba yake halionekani popote, isipokuwa kwenye jalada la polisi wa enzi zile, kama mporaji. Jalada hilo serikali mpya ililirithi pamoja na kabati lake. Basi akaona ampeleke baba mwenyewe.

Ofisi ya kamati ilikuwa chumba kimoja chini ya jukwaa la uwanja. Ofisa alikuwa akibandika vyeo vya wageni kwenye viti vya plastiki.

"Karibuni. Huyu ndiye marehemu?"

"Ndiye."

"Pole sana, mzee," ofisa alimwambia baba, ingawa walilingana umri. Akasoma karatasi alizoletewa. "Mama, cheti cha kifo kinasema nimonia. Ukuta ni wa risasi."

Baba alifungua vifungo viwili vya shati. Ofisa alivaa miwani, akainama, akachungulia tundu mpaka akaiona kalenda iliyotundikwa upande wa pili.

"Tundu ni halali," alikiri. "Ila halina muhuri. Halafu ukutani tunaandika waliokufa, na huyu anaongea. Wanaoongea wana daftari lao, la wazee wapigania uhuru. Sasa hilo nalo linataka mtu awe hai."

"Andika tu alichokuwa anafanya," binti alisema. "Alikuwa mbele ya maandamano, ameshika bango."

Baba aligeuka. "Bango gani? Mimi nilitumwa kiberiti."

Ofisa aliinua kalamu.

"Mama yako alitaka kuwasha jiko," baba alisema. "Nikakuta barabara imeziba, watu wanaimba. Nikasubiri wapite. Wimbo wenyewe nilikuwa siujui, nikaimba kiitikio. Kilipokuja mara ya pili ndiyo..." Akagusa kifua.

 Tangu darasa la kwanza binti alikuwa akisimulia habari za lile bango, mpaka rangi ya herufi zake. Hata sasa aliikumbuka ile rangi, nyekundu iliyochuruzika kidogo. Hakujua tena aliiona wapi.

"Miaka yote hii mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza. Wewe ukija unaniuliza kama nina njaa."

Ofisa alipekua fomu mbele na nyuma. "Kuna kiongozi, kuna mwandamanaji, kuna mfadhili. Mwitikiaji hayupo." Akamrudishia binti cheti kwa mikono miwili.

Walipotoka nje, vipaza sauti vilikuwa vikirusha hotuba. Uhuru wetu, ilisema hotuba, tuliupata kwa amani, pasipo kumwaga hata tone la damu. Watu walipiga makofi. Baba naye alipiga, na shati likazidi kulowa kifuani.

"Anaongea vizuri. Ni nani?"

"Rais, baba."

"Wetu?"

Binti alifikiri kidogo. "Wetu, ndiyo."

Walikaa kwenye ukingo wa mtaro. Alimshika baba mkono, akamwomba amwimbie hicho kiitikio. Kilikuwa na maneno manne tu. Baba alikiimba mara moja, akaanza mara ya pili, ikagonga saa saba, na mkono wa binti ukabaki mtupu.

Ukuta ulizinduliwa mwezi uliofuata. Jina la baba halikuwamo.

Mwaka uliofuata manispaa ilichora mstatili mweupe pale konani, ikaweka na kibao kinachokataza kusimama ndani yake kuanzia saa tatu hadi saa tatu na nusu. Binti aliupima kwa hatua, akaenda kulalamika kwamba ni mfupi. Aliambiwa vipimo vilifuata kiwango cha maegesho ya pikipiki, na kwamba suala lake litaangaliwa.

Mizinga ilipoanza, baba alianguka vizuri, lakini miguu ilitokeza barabarani, na msafara wa wageni wa heshima ulikuwa unakuja. Askari wa barabarani alivua glavu, akachuchumaa, akamkunja magoti taratibu moja baada ya jingine. Akasimama, akapiga saluti, na magari yakapita.