Mashine Niliyosema Nimeiona

"We mwenyewe ulisema umeiona!"

"Nilisema."

"Ukasema ipo stoo Namoto, imefunikwa plastiki ya bluu. Hukusema?"

"Nilisema, Saquina. Sasa nakwambia haipo."

"Haipo imeenda wapi? Imeota mbawa?"

"Haijawahi kuwepo. Yule muuzaji tapeli."

Saquina akaacha kugeuza vitumbua. Akanitazama kama anavyomtazama mteja anayetaka kukopa.

"Jumanne ipo, Jumamosi haipo. Nduguyo anataka kuanza maisha, roho inakuuma. Wivu huo, Abudo. Tangu nichumbiwe uko hivyo hivyo, unapita hapa umenuna kama mtu aliyeibiwa."

Watu kwenye foleni wakageuka. Pale nje ya rejista, ofisi ya vyeti na vitambulisho, foleni haikosi. Tangu watu warudi Palma kutoka walikokimbilia vita, kila mtu anataka karatasi, maana zile za mwanzo ziliungua na nyumba. Na kila karatasi inataka kopi, na kopi inatoka duka moja tu, mbali, jua linakuwakia. Ndiyo maana Tarique akataka mashine.

Tarique ni mtoto wa mamkubwa wangu, Awa. Tumelala mkeka mmoja. Yeye kamaliza klasi ya kumi na mbili, mimi niliacha ya saba, nilichoka kukaa. Ana meza yake pale rejista, anawajazia watu fomu kwa Kireno. Shati lake halijui jasho. Mimi nabeba mizigo kivukoni Namoto, kutoka kwenye boti mpaka kwenye gari.

Mchele wa vitumbua vya Saquina unatoka ng'ambo ya mto Ruvuma, Tanzania. Mwaka mzima niliuvusha mimi, kwa bega hili, sikumtoza kitu. Sikumwambia kitu pia. Nilidhani mfuko wa kilo hamsini unajisemea wenyewe. Kumbe wakati mimi niko kwenye tope mpaka magoti, Tarique amekaa hatua kumi kutoka kwenye kikaango cha Saquina, anaongea. Anaongea vizuri yule. Siku naambiwa kapeleka posa, nilikuwa nimebeba mfuko wa Saquina.

"Tarique yuko wapi?" nikauliza.

"Kwa Flávia. Anamalizia nusu ya pili saa nne, mashine inapakiwa leo. Na wewe usimfuate."

"Saquina, nisikilize. Nilidanganya."

"Lini? Jumanne au sasa hivi?"

Akarudia kugeuza vitumbua.

Mambo yalikwenda hivi. Tarique aliiona mashine kwenye Facebook, kwenye grupo la vitu vilivyotumika. Mashine ya kopi, kubwa, ya kusimama chini, elfu ishirini meticais. Kwa bei hiyo hupati hata pikipiki mbovu. Muuzaji anajiita Senhor Aurélio. Alikuwa na ofisi Mtwara, anasema, anaifunga, mashine keshaivusha, ipo stoo Namoto. Nusu kwanza, nusu siku ya kuitoa, na fanya haraka maana wanunuzi ni wengi.

Tarique akanipigia Jumanne. "Mano, ndugu yangu, wewe si uko Namoto? Niangalizie."

Nikaenda kuangalia. Sitasema sikwenda. Stoo za pale nazijua mpaka panya wake. Nikamuuliza Ossufo, anayeshika funguo. Akacheka mpaka akakohoa. "Mashine ya kopi? Hapa? Tumkopie nani, kiboko?"

Nikaifungua picha aliyonitumia Tarique, eti imepigwa humo stoo, nikaikuza. Nyuma ya mashine kuna ukuta wa vigae vyeupe na sakafu inang'aa unajiona sura. Ukuta wa hivyo Namoto haupo. Nikaingia kwenye jina la huyo Aurélio: akaunti ina wiki tatu, haina ndugu, haina rafiki, haina hata picha ya harusi. Nikatafuta zaidi. Mashine ile ile, picha ile ile, inauzwa Beira na mtu mwingine, bei nyingine. Mimi wa klasi ya saba nililiona hilo nimekaa juu ya gunia, kwa nusu saa.

Nikampigia Tarique nimwambie. Wallahi nilimpigia nimwambie. Akapokea, na nyuma yake nikasikia mtu anacheka. Kicheko kile nakijua. Mwaka mzima nilikuwa nakisubiri kwangu, nikakisikia kwake, kwenye simu yake.

"Vipi mano, umeiona?"

"Nimeiona," nikasema. "Safi kabisa. Imefunikwa plastiki ya bluu."

Plastiki ilinitoka tu mdomoni. Uongo ukiuweka na rangi unasimama.

Nilitaka atapeliwe. Nilitaka rejista nzima ijue kwamba yule mwenye Kireno chake kaingizwa mjini na mtu wa kwenye simu. Nilitaka Saquina amwone amekaa kwenye meza yake, mikono mitupu, shati linanuka kama langu. Siku tatu nilibeba mizigo napiga mluzi.

Jana, Ijumaa, nikarudi Palma. Leo asubuhi mamkubwa Awa ananimiminia chai, uso umemkunjuka, anasema, "Mungu ampe heri Saquina. Mwezi huu zamu ya shitiki imeangukia kwake. Wanawake ishirini, kila mmoja kachanga elfu yake. Yote kampa Tarique ya mashine, hakujibakishia hata ya kapulana ya kujifunga. Nusu imeshaenda Jumatano."

"Ya Saquina?" nikamuuliza. "Si hela ya Tarique?"

"Tarique ana hela gani mwanangu? Hizo hela za fomu tunakula."

Chai ikanishinda.

Kwa hiyo nilikuwa nimesimama mbele ya kikaango, na saa tatu na nusu imepita, na huyu dada ananiambia nina wivu. Na kweli ninao. Ukiwa na wivu na ukweli kwa pamoja, watu wanauona wivu tu.

"Twende wote kwa Flávia," nikamwambia. "Kama nadanganya, nitemee mate mbele ya watu."

Akamwachia mwenzake kikaango, akafunga kapulana vizuri, akatangulia. Hakunisubiri.

Flávia ana kibanda cha kutuma na kupokea pesa, njia ya kushukia pwani. Yeye mtu wa Quelimane, kule kusini, mumewe yuko serikalini, Kiswahili alijifunza kwa wateja. Tarique alikuwa amesimama dirishani, noti mkononi, simu sikioni.

"Usitume," nikasema.

"Subiri kidogo, Senhor." Akashusha simu, akaziba kwa kiganja. "Mano, nini tena?"

"Mashine haipo. Sikuiona. Picha yenyewe ina ukuta wa vigae, Namoto vigae viko wapi? Nilikudanganya."

Akamtazama Saquina. Saquina akainua mabega, kama anasema mpokee ndugu yako.

"Ulisema plastiki ya bluu," Tarique akasema.

"Niliitunga."

"Unatungaje? Mi nikamwambia Senhor Aurélio, ndugu yangu kaiona, imefunikwa plastiki ya bluu. Akasema eeh, ndiyo hiyo, mi mwenyewe nimeifunika."

"Si ndiyo nakwambia! Nimetunga mimi, kaitikia yeye. Ningesema kuna mbuzi kafungwa kwenye mguu wa mashine, angesema eeh, mbuzi wangu."

Flávia akacheka, akajizuia. Tarique hakucheka.

"Plastiki huku zote ni bluu, Abudo. Hata choo chetu kina plastiki ya bluu." Sauti yake ikawa ya polepole, ile anayowasomea wazee fomu. "Mano, najua. Mama aliniambia zamani, kwamba na wewe ulikuwa unamtaka. Mi sikukuibia. Hukusema. Ungesema nisingekwenda."

Hilo liliniuma kuliko kama angenitukana. Alikuwa ananihurumia, mbele ya Saquina, hela za huyo huyo mwanamke zikiwa mkononi mwake.

"Usinihurumie," nikamwambia. "Mimi nilikuacha uliwe makusudi, we unanihurumia! Weka sauti ya juu. Muulize yuko wapi sasa hivi."

Akasita. Saquina akasema, "Muulize, Tarique. Kuuliza hakuna hasara." Basi akafungua sauti.

"Senhor Aurélio, samahani. Uko wapi saa hizi?"

"Niko Namoto, mheshimiwa!" Kiswahili chake cha bara, kimenyooka. "Nimesimama na mashine yako hapa. Nimevuka sasa hivi na boti kutoka upande wa Tanzania. Kuna bwana mwingine yuko hapa na hela mkononi, mimi nimemwambia hapana, hii ni ya Tarique. Sasa usinitie aibu."

Nikasogea. "Shikamoo Senhor. Mimi ndugu yake. Umevuka saa ngapi?"

"Sasa hivi tu. Nusu saa iliyopita."

"Boti imekuteremsha wapi?"

"Pale pale kivukoni, mlangoni kwa stoo."

"Maji yamejaa?"

"Yamejaa vizuri, ndugu. Mto umetulia, maji tele. Hata kiatu hakikulowa."

Nilimtazama Tarique tu. Kwanza hakuelewa, kasoma sana, bahari anaitazama kama ukuta. Saquina ndiye aliyegeuza shingo.

Kutoka kwa Flávia unaiona pwani yote. Mwezi ulikuwa umeandama juzi, bamvua kubwa. Bahari ilikuwa imekwenda zake kule, ukitaka kuiona unakunja macho. Madau yamelala ubavu kwenye mchanga. Wanawake na ndoo zao wako mbali, wadogo kama kunguru, wanachokoa chaza. Na bahari ikitoka Palma, mlango wa Ruvuma nao unakauka. Siku za bamvua, saa nne asubuhi Namoto hakuna anayevuka. Boti zinakaa juu ya fungu mpaka alasiri, na sisi wabebaji tunalala chini yake tunacheza karata. Mtoto wa huku hata mwenye homa hawezi kusema maji yamejaa saa hizo.

"Ndugu, upo?" simu ikasema. "Tuma basi, huyu bwana ananisumbua."

Tarique naye akageukia pwani. "Senhor," akasema, "maji yametoka."

"Yametoka wapi?"

Saquina akainyakua simu. "Yametoka, mwizi wee! Yametoka tangu alfajiri! Umesimama kwenye maji ya wapi, ya ndoo? Nirudishie hela yangu! Nirudishie hela ya wanawake wenzangu, mwana wa..."

Simu ikakatika. Akapiga tena. Haipatikani. Akapiga tena na tena. Flávia akajaribu kurudisha ile ya Jumatano, akapiga kwa wakubwa zake, akaongea Kireno kirefu. Kisha akatikisa kichwa. Ilitolewa siku ile ile, akasema, dakika kumi baada ya kuingia.

Tarique akachuchumaa chini ya dirisha na ile nusu iliyobaki mkononi. Akaanza kulia. Mwanaume mzima, njiani, watu wanapita. Nilikuwa nimeisubiri picha ile siku tatu. Ndiyo hiyo sasa, shati na yote.

Saquina akachuchumaa pembeni yake. Akamfuta uso kwa ncha ya kapulana, kapulana ile ile inayonuka mafuta ya vitumbua. Akamwambia kitu sikioni. Na mimi, hata hapo, hata nikijua nilichokifanya, moyo ulinichoma: mbona mimi sikutapeliwa? Ningetapeliwa mimi hela yote ya dunia, nifutwe uso namna ile mara moja.

Akainuka, akanijia.

"Jumanne ulipompigia. Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Yote? Picha, vigae, yote hayo?"

"Yote."

"Na ukasema umeiona."

"Nilisikia unacheka," nikasema.

Nilidhani atanizaba kibao, nikaweka shavu sawa. Hakunizaba.

"Sikujua ni hela yako, Saquina. Haki ya Mungu. Nilidhani ya kwake."

"Ya kwake ingekuwa sawa?"

"Ya kwake ingekuwa sawa," nikasema. Nilishachoka kudanganya.

Tarique aliinua kichwa aliposikia. Akakiinamisha tena.

"Nitakulipa," nikamwambia. "Elfu kumi yote. Kila mwisho wa mwezi nitakuletea mwenyewe, elfu moja, elfu moja na mia tano mizigo ikiwa mingi. Nitakuletea pale kwenye kikaango, mkononi."

Nilisema haraka, na nikiwa nasema nikajisikia nafurahi. Miezi saba, minane, labda kumi. Kila mwezi angenitazama, angehesabu, angesema ahsante au hata asiseme. Nafikiri furaha ile ilinitoka usoni, maana yeye aliiona. Macho yake yakafinyika.

"Hapana," akasema.

"Nini hapana? Hela yako hiyo."

"Ndiyo, na utailipa. Utampa mamkubwa wako Awa, yeye atanipa. Kwangu usije. Na mchele usinibebee. Nimeshapata mtu."

"Saquina..."

"Na wale wanawake ishirini nitawaambia leo leo imeibiwa. Wataniuliza nani alisema mashine ipo. Unadhani nitawaambia nani?"

Akachukua zile noti mkononi mwa Tarique, akazifunga kwenye pindo la kapulana, mafundo mawili. Akamshika Tarique kiwiko, akamwinua. Kisha akageuka, akapanda njia ya kurudi rejista, na Tarique nyuma yake.