Koki ya Banda

Verna Haupt na shemeji yake Mervin walikuwa hawapikiki chungu kimoja. Alipokuwa hai Elwood, mume wa mmoja na kaka wa mwingine, aliwaamua kwa utani na maisha yakaenda. Elwood alipokufa kwa moyo, vuli ile, hakubaki mtu wa kuwaamua. Kilichobaki kati yao ni boila, mtambo wa kuchemshia maji ya kupasha nyumba joto.

Mzee Haupt, baba wa Elwood na Mervin, alimwachia Elwood nyumba na kumwachia Mervin banda na kondoo. Mervin, kapera wa maisha, alijitengenezea chumba mwishoni mwa banda akahamia humo. Boila ya makaa ya mawe ilikuwa chini ya nyumba, na ni Elwood aliyechimba mtaro kukatiza ua na kulaza mabomba mawili, moja la kupeleka maji ya moto bandani, jingine la kuyarudisha yakishapoa. Wakakubaliana kwamba Mervin atalishughulikia suala la kuleta makaa na kumwaga jivu, na wa nyumbani atakoleza moto asubuhi na jioni. Baada ya mazishi waliendelea hivyo hivyo, Mervin akiingia na kutoka kwa mlango wa chini bila salamu.

Kisha ikaja Jumapili ya chakula cha kanisa, Februari, baridi ya kukata masikio. Verna alikuwa jikoni mwa ukumbi akipakua nyama ya nguruwe na kabichi chachu, dirisha la kupitishia sahani likiwa wazi. Akamsikia Mervin mezani, mdomo umejaa.

"Kaka yangu alilalamika kifua tangu asubuhi," Mervin alikuwa akiwaambia wenzake. "Asubuhi, jamani! Gari la wagonjwa limeitwa saa ngapi? Mchana. Mke yuko nyumbani muda wote huo, anapanga vyombo."

"Mervin, taratibu, yuko hapo ndani," mtu alinong'ona.

"Si asikie. Angekuwa na mke mwingine, leo tungekuwa tunakula naye."

Verna aliweka mwiko chini. Alivaa koti na kuendesha gari mpaka nyumbani, theluji ikianza kudondoka.

Alishuka kukoleza moto. Alichota makaa koleo la kwanza, la pili, kisha akasimama. Mbele yake bomba la bandani lilikuwa la moto, pampu inanguruma, maji yanakimbia kumpasha joto mtu yule. Akamwona akirudi, akivua viatu, akinyoosha miguu yake kwenye joto la mwanamke aliyemfanya muuaji.

"Leo utajijua," alisema kwa sauti.

Akaifunga koki ya bomba la banda, akaizungusha mpaka ikagoma. Hakukusudia iwe ya usiku mzima. Alitaka Mervin aone baridi, aje agonge mlango, aombe kama mtu mwenye adabu, na yeye ampe maneno yake ndipo afungue. Alikaa jikoni akiyapanga maneno hayo. Mervin hakuja. Taa ya bandani haikuwaka, na Verna akajua amenuna, amejifunika mablanketi. Basi na anune. Akaenda kulala.

Kumbe Mervin hakuwa amerudi. Theluji ilifunga barabara ya mlimani, akalala kwa rafiki yake karibu na kanisa. Asubuhi alikuja kwa miguu, theluji magotini, akaenda moja kwa moja kwa kondoo wake. Verna alisikia sauti kutoka bandani, sauti ambayo hakudhani mwanamume yule anayo. Kisha mlango wa jikoni ukafunguliwa kwa teke.

Mervin alikuwa amebeba wanakondoo wawili, mmoja kila mkono, wamekakamaa kama kuni.

"Umefunga koki."

"Nimefunga."

"Wamezaliwa usiku. Mama yao kawalamba wakamgandia ulimini. Wewe una roho gani?"

"Ya yule anayepanga vyombo mume akifa," Verna alisema. "Si ndivyo ulivyowaambia? Mbona hapa husemi?"

"Nitasema popote!"

Aliwalaza wale wanakondoo juu ya meza, pale pale penye kikombe cha kahawa cha Verna, akateremka chini kwa vishindo. Verna alisikia koki ikifunguliwa kwa hasira. Mervin akarudi juu, na ugomvi ukaanza upya, na safari hii hawakubakiza kitu. Mervin alimwambia ameingia nyumba ile na sanduku moja na atatoka nalo. Verna alimwambia amekula mezani kwake miaka na miaka na hajawahi kusema asante hata siku moja. Mervin alisema chakula chenyewe hakikuwa cha kushukuriwa. Walipokezana hivyo, mikono kiunoni, mate yakiruka, na hakuna aliyefikiria kwamba maji yaliyolala bandani bila kuzunguka lazima yaligeuka barafu, na barafu ikipanuka hupasua chuma.

Verna ndiye aliyegundua kwanza. Aliegemea chuma cha kupashia joto chini ya dirisha akakikuta kinapoa.

"Ngoja," alisema.

"Singoji! Leo utanisikiliza."

"Mervin, nyamaza! Sikiliza huko chini."

Chini kulikuwa na mlio, kama mtu anagonga sufuria kwa kijiko. Walishuka wote, wakisukumana ngazini. Geji ya boila ilikuwa imelala kwenye sifuri. Pampu ilikuwa inalia kavu. Maji yote ya moto yalikuwa yamevutwa mpaka bandani na kumwagika kwenye mpasuko, na ndani ya boila tupu makaa yalikuwa yanawaka kwa nguvu zote. Rangi ya ubavu wake ilikuwa inababuka.

"Haina maji," Verna alisema, akarukia koki ya maji baridi.

Mervin alimdaka kifundo cha mkono akaupinda mpaka Verna akapiga yowe.

"Usiguse! Maji baridi kwenye chuma cha moto hivyo yatalipuka, tutapaa na nyumba yote!"

"Niachie!"

"Achia koki kwanza!"

Aliachia. Mervin alizima pampu, akafunga koki ya banda, akafungua mlango wa tanuri, joto likawarudisha nyuma wote wawili. Akachukua koleo. Verna akavuta ndoo za jivu, na bila kuambizana neno wakaanza kuutoa moto ule nje: yeye anachota, Verna anakimbia na ndoo, anamwaga thelujini, mvuke unafoka, anarudi. Ukingo wa gauni la Verna uliungua. Nyusi za Mervin ziliungua. Walipolitoa kaa la mwisho, boila iliendelea kulia kwa muda, kisha ikanyamaza.

Walikaa kwenye ngazi za mlango wa chini, wakihema. Mbele yao theluji ilikuwa na mashimo meusi.

"Usidhani nimekuokoa wewe," Mervin alisema. "Nyumba hii kajenga babu yangu."

"Sikudhani."

Verna alitazama alama za vidole kwenye mkono wake.

"Nilimsihi aende hospitali," alisema. "Akasema baada ya chakula. Unamjua alivyokuwa."

"Ungembeba."

"Elwood? Nimbebe mimi?"

"Ungeniita basi! Nilikuwa hapo tu, ng'ambo ya ua!"

"Nilikuita. Nilipiga simu ikalia mpaka ikakatika, nikapiga tena. Nikasimama hapa hapa nikapiga kelele. Wewe ulikuwa umewasha mashine yako ya kunyoa kondoo."

Mervin alitazama banda, ng'ambo ya ua.

"Hukuwahi kusema," alisema.

"Hukuwahi kuuliza."

Mervin aliinuka akaenda bandani, na hakuomba msamaha, wala Verna hakuomba wake kwa wale wanakondoo.

Boila ilipopoa kabisa Mervin alirudi na vifaa, akayakata mabomba ya banda, akayaziba, akaijaza maji na kuwasha moto. Kisha, bila ruhusa ya mtu, akawaingiza chini ya nyumba kondoo wenye mimba na wachanga waliosalia, akawatandikia nyasi kavu kando ya boila. Nyumba nzima ikanuka zizi. Verna alipiga sakafu kwa ufagio akimtukana, na yeye akajibu matusi kutoka chini, lakini wale kondoo walikaa mpaka baridi ilipopungua, na mchana mmoja Verna alishuka na kumnyonyesha chupa mwanakondoo mmoja aliyekataliwa na mama yake.

Kanisani Mervin hakusimulia tena kisa cha kaka yake. Wala hakukikanusha. Wenye kuamini waliendelea kuamini, na Verna aliacha kupakua kwenye ule ukumbi.

Theluji ilipoyeyuka Mervin alinunua boila yake ndogo, akaifunga bandani. Alikuja mlangoni, kofia kichwani.

"Kuanzia leo makaa yako utajiletea," alisema. "Na jivu utamwaga mwenyewe."

"Nitamwaga," Verna alisema. "Na ule mlango wa chini nabadilisha kufuli."

"Badilisha, shemeji."

Verna akafunga mlango, akabaki amesimama nyuma yake mpaka aliposikia miguu imevuka ua.