Mlango Usio na Komeo

Kazi yangu ni kuwapaka watu poda kabla hawajaenda kukaa mbele ya kamera. Kila anayeketi kwenye kiti changu hufumba macho na kunyamaza, isipokuwa mchambuzi wetu wa mpira, tunayemwita Shoka. Yeye hufumba macho na kuendelea kusema.

Shoka ana mtindo wake. Kejeli anayotaka kuitoa hewani huijaribu kwanza kwangu. Nikicheka, anakwenda nayo. Nisipocheka, anaitupa. Mimi si mwepesi wa kucheka, ndiyo maana ananiamini.

Jumamosi iliyopita sikuwepo kazini, nilikuwa namuuguza mama. Hakukuwa na wa kumchuja. Akasema hewani kwamba kipa wa timu yetu ni mlango usio na komeo, kila mwenye mguu anaingia. Mji mzima ukaangua kicheko.

Kipa huyo ni kaka yangu, tumbo moja.

Tangu siku hiyo, akipita barabarani watu wanamwimbia, "Hodi! Hodi humo!" Kinyozi wake mwenyewe alimgongea kichwani kwa kitana, ngo ngo ngo. Kaka akazisukumia glavu uvunguni mwa kitanda, akasema Jumatatu inayokuja anakwenda kumuaga kocha, mpira basi.

"Si unafanya kazi na huyo mtu?" mama aliniambia. "Mfunge mdomo."

Sikutaka kumfunga mdomo. Msimu uliopita klabu ilikuwa inawachoma wachezaji sindano za ganzi ili wacheze na maumivu yao. Wachambuzi wote walijua, wakauchuna. Shoka peke yake ndiye aliyelisema, tena kwa kelele, mpaka sindano zikakoma. Goti la kaka, lililokuwa likichomwa pia, lilipona kwa mdomo huohuo.

Basi leo Shoka akaja, akajitupa kitini.

"Sikiliza hii, dada. Kipa wetu ukimpa mkono wa salamu, unamponyoka."

Sikucheka. Nikaendelea na paji la uso.

"Hii je? Mkewe akimpa mtoto ambebe, majirani wanatandika godoro chini."

Ilikuwa nzuri, Mungu anajua. Nikajiuma shavu kwa ndani.

Akafumbua jicho moja. "Leo umelamba ndimu?"

"Kipa huyo hana mke," nikamwambia. "Ana dada. Ndiye huyu anayekupaka poda."

Aliinuka ghafla, poda ikamwagikia tai.

"Mbona hukuniambia?"

"Ungeacha?"

Akafikiri. Hilo namsifu, hakunidanganya. "Nisingeacha. Kafungwa magoli matatu, yote ya kona."

"Sikuombi unyamaze, Shoka. Umeshasema mlango hauna komeo. Sema basi na komeo linawekwa wapi."

"Watu wawashe televisheni wasikie habari za komeo?"

"Mmoja atawasha."

Nilimfuta tai kwa kitambaa, akaenda zake.

Nilisimama nyuma ya kamera, brashi mkononi. Mtangazaji alipomgeukia, Shoka aliomba zile kona tatu zirudishwe polepole.

"Wiki jana nilimwita mlango," alisema. "Bado ni mlango. Ila nilikuwa mvivu, nilitukana nikaondoka. Tazama miguu. Kila kona, kabla ya kuruka, anarudi hatua moja nyuma. Anaogopa mpira usimpite kichwani. Hatua hiyo ndiyo inayompa mshambuliaji goli. Aiache, mpira ni wake. Mikono anayo, tena mizuri." Midomo ikamcheza, nikajua kuna kitu kinamwasha. "Na asipoiacha, nitamwita dirisha!"

Mtangazaji akacheka mpaka karatasi zikamponyoka. Nami nilicheka.

Nilipofika nyumbani jua lilikuwa bado lipo. Mama alikuwa amenuna mlangoni.

"Kamwita mlango tena! Na dirisha juu yake! Ndiyo kumfunga mdomo huko?"

"Kaka yuko wapi?"

Akanionyesha uani kwa kidevu.

Kaka alikuwa amevaa glavu, zina vumbi la uvunguni, na amechora mstari kwa kisigino.

"Jitu lile lina mdomo mchafu," alisema bila kunitazama. "Lakini hatua ile ni kweli. Hata kocha hajawahi kuniambia. Shika mpira, nirushie juu. Ukiona narudi nyuma, nitukane."

Nikaurusha juu ya kamba ya nguo. Mguu wake ukarudi nyuma, mpira ukampita.

"Hodi!" nikapaza sauti.

Akacheka, mara ya kwanza wiki nzima, akarudi mstarini.

"Rusha tena."