Mapipa ya Kapsoya

Zachariah Kuria alipompelekea Joyline Aluoch Subaru yake, Juni ya mwaka 2017, hakutaka kubadilishiwa oili wala kukazwa breki. Alitaka gari liachane na petroli kabisa, linywe ethanoli, ile spiriti inayotokana na molasi ya miwa. Uchaguzi ulikuwa umebakiza wiki nane.

Joyline alikuwa fundi wa injini za tabo, zile zinazosukumiwa hewa zikaongezewa nguvu. Gereji yake ya mabati kando ya barabara ya Kisumu ilijulikana na kila dereva mwenye mguu mzito Eldoret, na yeye alijulikana kwa kutomficha mteja kitu.

"Nguvu utapata, Baba Kabura," alimwambia. "Tabo itasukuma zaidi na injini haitagonga. Lakini itakunywa theluthi zaidi ya ile inakunywa sasa. Asubuhi ya baridi itakusumbua kuwaka. Na hakuna petrol station inauza hiyo kitu. Itabidi uweke mapipa kwako nyumbani."

"Sasa hapo kwa mapipa ndio napenda," Kuria akasema.

Hakucheka. Joyline alidhani ni mzaha wa mtu asiyejua kuchekesha. Kuria alikuwa na duka la vyakula vya mifugo mjini, mtu wa kanisa kila Jumapili, na Subaru ndiyo ilikuwa starehe yake ya pekee.

Kazi ilimchukua siku kumi. Alibadilisha injekta, pampu na mipira yote ya mafuta, kisha akafungua laptopu na kuifundisha injini upya. Siku ya kulijaribu gari alishika njia ya mji mdogo wa Ziwa, na alipoyapita malori ya maziwa, akakanyaga. Gari lilimbandika kitini. Mahindi ya kulia na kushoto yakawa ukuta mmoja wa kijani, na Joyline, aliyekwisha kuendesha magari makali mengi, alijikuta ameondoa mguu mwenyewe. Mtu wa kwenda dukani na kanisani hahitaji mbio hizi, aliwaza. Mbio hizi ni za anayekimbizwa.

Mapipa manne yalitoka upande wa Muhoroni, kwenye viwanda vya sukari. Aliyapeleka Kapsoya, mtaa alioishi Kuria, kwa pikapu yake, mchana kweupe. Aliposhusha la pili, jirani wa Kuria, Mama Chepkorir, aliacha kuanika nguo akaja kusimama kwenye ua.

"Unaleta nini?"

"Mafuta ya gari, Mama."

"Gari ngapi?"

"Moja."

Chepkorir aliyatazama yale mapipa moja moja, akarudi kwa nguo zake. Hakuuliza tena, na kule kutouliza kulimkaa Joyline vibaya.

Ndani, Wahu, mke wa Kuria, alimmiminia chai, kisha akafunga mlango wa jikoni.

"Alikuambia hiyo gari ni ya nini?"

"Hakuniambia. Nilidhani ni mashindano."

Wahu akamweleza. Januari ya 2008, katika ghasia za baada ya uchaguzi, kabila lao likifukuzwa Eldoret, petrol station zilipofungwa na barabara kujazwa mawe, mdogo wake Kuria alitoka Eldoret na robo tangi. Karibu na Timboroa gari likazima. "Alipiga simu akasema mafuta imeisha, na kuna watu wanakuja. Sisi tulikuwa pale showground, kwa hema za wakimbizi. Baba Kabura aliisikiliza hiyo simu mpaka ikakatika."

Joyline hakuimaliza chai. Alimfuata Kuria nyuma ya nyumba, akamkuta akiyafunika mapipa kwa turubai.

"Kama ni ya kutoroka, leta hiyo gari niirudishe petroli," alimwambia. "Na petroli, tangi moja inakufikisha Nairobi na inabaki. Hii ukiikanyaga, itafika Nairobi ikilia njaa, na huko hakuna pa kuongeza. Kwa hiyo shida yako, haifai."

"Petroli wanaweza funga. Hii hakuna mtu atanifungia."

"Lakini mnaishi vizuri na majirani."

"Hata 2007 tuliishi nao vizuri," Kuria akasema, akavuta turubai likafika chini.

Mwisho wa Julai, Mzee Murunga, mwenye ploti ya gereji, alikuja akakaa juu ya tairi kuukuu bila kusalimia.

"Joyline, watu wanasema yule Mjaluo wa gereji anapeleka mafuta Kapsoya. Na hawasemi ni ya gari."

"Wanasema ni ya nini?"

Katika mji ule hakuna aliyehitaji kuelezwa mafuta ya mapipa yalikuwa yamechoma nini mwaka 2008. Wiki hiyo hiyo wateja wawili walikuja kuchukua magari ambayo hayajakamilika, wakayavuta kwa kamba, na hakuna aliyemwangalia usoni.

Jumamosi adhuhuri Joyline aliamua kulimaliza neno hadharani. Alienda Kapsoya, akamwomba Chepkorir awaite majirani, wakaja watu kama kumi. Aliwaeleza kwamba ni spiriti ya miwa, mtu anaweza hata kuinusa. Ili waone kwamba haina moshi wala mlipuko kama petroli, alimimina kikombe kimoja ndani ya sufuria kuukuu, akaiwasha.

Jua lilikuwa utosini. Hakuna aliyeona kitu. Mwanamume mmoja akainama, akanyoosha mkono, akaurudisha upesi na nywele za vidole zimeungua. Chepkorir alitupa kipande cha gazeti juu ya sufuria. Kikajikunja, kikawa cheusi hewani, kabla hakijagusa chochote.

"Kwa hivyo ni moto," Chepkorir akasema polepole, "na hauonekani."

Watu walirudi makwao, na milango ikafungwa mmoja baada ya mwingine, saa saba mchana.

Jumapili, siku mbili kabla ya kura, Kuria alimpigia simu kukiwa kunapambazuka. Gari lilikuwa limekataa kuwaka. Joyline alimkuta mlangoni mwake, Wahu na mtoto wao Kabura wameshaingia garini na mizigo, injini inakohoa bila kushika. Kwa kila mkohoo, pazia lilisogea nyumba fulani. Alimimina petroli kidogo kwenye njia ya hewa, akajaribu tena na tena, betri ikienda ikizimika, hata injini ikanguruma na kutetemesha madirisha.

"Na mapipa?" aliuliza. Matatu yalikuwa yamebaki.

"Utajua mwenyewe la kufanya," Kuria akasema, akaondoka.

Kuyaacha hakuwezekani, kuyabeba peke yake hakuwezekani pia. Joyline alikuwa angali amesimama pale alipomwona Chepkorir akija na shuka begani. Mama yule alimsaidia kuyabingirisha juu ya ubao mpaka ndani ya pikapu, kisha akafungua mlango wa mbele akaingia.

"Asante, Mama."

"Usinishukuru. Sikuja kwa sababu nakuamini. Nataka kuona mahali unapeleka."

Walienda hadi kwenye timbo la kuchimbia mawe lililoachwa, njia ya Ziwa, wakayamwaga yote kwenye mawe. Harufu iliwapanda kichwani. Chepkorir alisubiri mpaka pipa la mwisho likaacha kudondosha.

"2008 hata sisi tulilala kwa mahindi, tukijificha," alisema. "Tuliambiwa watu wa kabila la Baba Kabura wanakuja. Wao waliambiwa sisi tunakuja." Wakarudi Kapsoya na mapipa matupu.

Kura zikapigwa na Eldoret haikuungua. Kuria alirudi baada ya majuma mawili, Subaru ikiwa juu ya lori. Siku ile ya kuondoka alikuwa amesimama Timboroa ili mtoto ajisaidie, akazima injini, na katika baridi ile ikakataa kuwaka tena. Kabla ya kupanda basi la Nairobi jioni, walikaa ndani ya gari siku nzima, karibu na mahali alipoishia mdogo wake. Watu waliokuja ni wauza viazi, waliotaka kusaidia kusukuma. Hakuwafungulia.

Joyline akalirudisha gari kwenye petroli. Mteja mmoja kati ya wale wawili alimrudia. Majirani wa Kapsoya walimsalimu Kuria, na yeye akawaitikia, kila mmoja akiwa upande wake wa ua.

Septemba mosi, redio ilitangaza kwamba mahakama imefuta matokeo na kura ya rais itarudiwa. Joyline alikuwa chini ya gari simu ilipolia.

"Fundi," sauti ya Kuria ikasema. "Yule mtu wa spiriti bado yuko?"

Joyline alitoka chini ya gari, akaketi sakafuni, akajifuta mikono taratibu. Namba ya mtu huyo ilikuwa humo humo ndani ya simu.

"Hapana," alisema. "Alihama."

Kuria hakukata simu. Nyuma yake, Joyline aliisikia redio ile ile ikiendelea kusoma habari.