Bega la Mama wa Gauni la Kijani

Mimi na dada yangu ni mafundi cherehani. Mwaka ule tulikwenda mji wa kale kuona picha, kwa bajeti ya kujibana: tulilala chumba cha vitanda vinane, tukala mkate na mayai ya kuchemsha, tukaingia makumbusho siku ya bure.

Chumba cha kwanza tu, dada akaganda mbele ya mama wa gauni la kijani, aliyechorwa kimo cha mtu kamili. Watu walisifu macho yake.

"Bega la kushoto limepwaya," dada akasema.

Nikamwambia anyamaze. Wapi! Tayari ameshavua tepu ya kupimia shingoni, maana huwa anasahau kwamba ameivaa, akainyoosha hadi kwenye picha. King'ora kikalia. Mlinzi akaja mbio.

"Mama, unafanya nini?"

"Napima. Huyu alishonewa kwa kukisia."

Mlinzi akaitazama picha. "Miaka kumi na moja namlinda," akasema taratibu, "nilijua tu kuna kitu." Halafu akalitazama koti lake la kazi. "Na langu je?"

Dada akatoa pini. Walinzi wenzake wakasikia, wakapanga foleni. Makumbusho yakafungwa tukiwa chumba kilekile.

Hadi leo nikiulizwa niliona nini kule, najibu: picha moja na mabega ya walinzi saba. Sijamsamehe dada. Lakini siku ya bure imekaribia tena, mizigo nimeshafunga, na safari hii pini nimebeba mimi.