Upande Wetu Hatupigi Kelele

Nafundisha ushonaji katika gereza la wanawake, mwaka wa kumi na moja sasa. Mikasi yetu imefungwa minyororo mezani. Wanafunzi wangu wengi waliiba, au walikamatwa na mizigo ya watu. Walioua ni wachache, na karibu wote wametoka upande wetu. Wakubwa husema sisi wa kule tuna roho ngumu. Mimi nilikuwa nacheka tu, nasema labda ni maji.

Mwezi wa tatu akaletwa Mama Pacha, mwembamba, mpole, mshono umenyooka utadhani ameupigia rula. Nilipomkabidhi pasi anyooshe kola, akarudi nyuma.

"Hiyo siwezi, mwalimu."

Ndipo nikajua alimuua mumewe kwa kitu gani. Miaka tisa ya kipigo, kisha mchana mmoja mume amesinzia kwenye kochi, basi. Nyumba za mtaani kwao zimeshikana, ukuta ni mmoja. Hakuna jirani aliyewahi kusikia kitu.

"Mwanangu, hata siku moja hukupiga kelele?"

Akanishangaa. "Kwani mwalimu, wewe ulilelewa wapi?"

Nililelewa kulekule. Mama alinifinya mapaja mpaka nikajua kulia bila sauti, nami nikamfinya binti yangu vivyo hivyo. Tuliita adabu.

Binti yangu ameolewa mtaa wa pili. Nikakumbuka kwamba tangu joto lianze hajavaa mikono mifupi. Nikaomba ruhusa, nikaenda na tepu ya kupimia ingali shingoni. Nikamkunjia mkono wa blauzi. Nilichokiona sikisemi.

"Piga kelele," nikamwambia. "Sasa hivi. Nipo."

"Mama, majirani."

"Wasikie!"

Akafungua mdomo. Hakikutoka kitu. Nikafungua wangu nimwonyeshe, nao haukutoa sauti. Tukabaki tumekodoleana macho, midomo wazi.

Nikaondoka naye, nguo zake kwenye mfuko. Mumewe alikuja mara mbili kumdai; mara ya tatu akawakuta askari wa gerezani kwetu mlangoni pangu, hajarudi tena.

Juzi nilimuuliza angefanyaje kama nisingekwenda.

"Sasa hivi ungekuwa unanifundisha kushona," akasema, bila kuinua macho.

Yuko salama. Ila anaosha vyombo bila sufuria kugusana, anatembea bila ndara kusikika. Nami, mama mzima, nasimama nyuma ya mlango wa jikoni nimebana pumzi, natega sikio nijue kama bado yumo.