Nafasi ya Ishirini na Tatu

Katika shule ile ya bweni ya wasichana, nje kidogo ya mji wa Tabora, nafasi zilisomwa mstarini kila mwisho wa muhula, na kila aliyetajwa alihama akasimama mahali pake. Wa kwanza alisimama karibu na mlingoti wa bendera, wa pili kando yake, hivyo hivyo mpaka mkia, ambao uligusa banda la mbuzi. Usiniulize nani aliubuni utaratibu huo. Ninachojua ni kwamba mwaka 1973 Batuli binti Selemani, wa kidato cha sita, alisimama wa ishirini na tatu kati ya ishirini na wanane, ana hisabati themanini na moja, na mbuzi wanamlilia mgongoni.

Utauliza, mwenye hisabati themanini na moja anafikaje kule kwa mbuzi? Kwa jembe, ndugu yangu. Alama za shamba ziliingia kwenye wastani sawasawa na za kemia. Batuli alizaliwa mtaa wa Ng'ambo, pale mjini, mtoto wa fundi viatu, na tuta la kwanza maishani mwake alilipigia shuleni. Matuta yake yalipinda, mvua ikaja ikayalaza. Wenzake wa Urambo na Nzega, waliozaliwa na jembe mkononi, walimcheka mpaka machozi, naye akacheka nao. Shamba alipata kumi na tisa kwa mia.

Kicheko kilimwisha siku ile ile ya kusomwa nafasi. Mwalimu Bernadeta, mkuu wa shule, alitangaza kwamba fomu za kuombea Chuo Kikuu watapewa kumi na watano wa mwanzo, kama kila mwaka, na zingerudishwa Dar es Salaam mwisho wa mwezi. Batuli alitaka uhandisi. Alikuwa ameutaka tangu darasa la sita, na bila fomu hata angefaulu mtihani wa mwisho namna gani, mlango ulikuwa umefungwa.

Jumapili baba yake alikuja na mkate wa kumimina. Alimsikiliza binti yake mpaka mwisho, kisha akasema, "Babu yangu alikuwa mpagazi. Ametoka Ujiji mpaka Bagamoyo na mzigo kichwani. Kule hakuna aliyemuuliza alikuwa wa ngapi njiani. Aliulizwa, mzigo umefika?"

"Sasa mimi nifanye nini, baba?"

"Mimi nashona viatu. Hesabu unajua wewe."

Basi Batuli akafanya hesabu. Karani wa shule, dada Tatu, mwenyewe alisoma pale pale miaka michache nyuma, na kila Jumamosi alitafuta mtu wa kumfutia vumbi makabati ya ofisi, kazi ambayo wasichana waliikimbia kama kuchota maji. Batuli alijitolea. Ndani ya makabati mlikuwa na madaftari ya nafasi ya miaka mitano, na faili la matokeo ya mtihani wa mwisho, yaliyokuwa yakifika kwa posta wakati wasichana wenyewe wamekwisha kwenda makwao.

"Naruhusiwa kuyasoma, dada?"

"Nafasi zilisomwa mbele ya mbuzi," alisema Tatu, akiendelea kupiga chapa. "Siri iko wapi?"

Jumamosi tatu Batuli alioanisha jina la daftarini na jina la faili la matokeo. Vidole vilijaa wino, macho yalimuuma, na mara mbili alipotea akaanza upya. Hakukubali kukisia. Jumamosi ya tatu hesabu ilikaa sawa, naye akaenda kubisha mlango wa Mwalimu Bernadeta, siku mbili kabla fomu hazijaondoka.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Kama ni fomu, rudi bwenini."

Batuli hakurudi. Aliweka mezani karatasi yake ya majina na alama, akasema, "Wa nafasi ya kwanza mpaka ya kumi na tano, miaka mitano, ni sabini na watano. Waliofikisha alama za Chuo ni thelathini na wanane. Wa chini yao ni sitini na watano. Waliofikisha ni ishirini na mmoja. Nafasi inasema kitu, Mwalimu, sikatai. Lakini hao ishirini na mmoja hakuna hata mmoja aliyekwenda, kwa sababu hawakuwa na fomu."

Mwalimu Bernadeta alikuwa mtoto wa wakulima wa Usinge, na shamba la shule lilikuwa fahari yake. "Taifa halijengwi na watu wasiojua jembe," alisema.

"Jembe nitalishika, Mwalimu. Kesho nipe hata ekari. Ila mtihani wa mwisho hauna tuta."

Mwalimu alikunja uso. "Fomu hazitoshi."

Mashine ya chapa ikanyamaza. Tatu alikuwa amekaa kwenye meza yake, pembeni mwa ofisi ile ile. Alivuta droo ya chini, akatoa bunda la karatasi. "Zinakuja thelathini kila mwaka," alisema taratibu. "Hizi ndizo zilizobaki mwaka huu."

Mwalimu Bernadeta aliona aibu, na hakujua kuificha. Alisema alitaka jina la shule liwe safi, kila fomu itokayo irudi na heri, wasicheke watu kwamba wasichana wa Tabora wanaomba wasichokiweza. Alisema hayo akiipitia karatasi ya Batuli kwa kidole, mwaka kwa mwaka, na kwenye mwaka 1969 kidole kikasimama.

"Tatu Lukumani," alisoma. "Nafasi ya kumi na tisa. Alama hizi zinampita hata aliyekuwa wa kwanza." Akainua macho kumtazama karani wake. "Tatu, ulijua?"

"Nilijua. Barua ya matokeo niliifungua mwenyewe, wiki yangu ya kwanza kazini."

"Miaka yote hii hukusema neno?"

"Ulinisimamisha wa kumi na tisa, Mwalimu," alisema Tatu. "Nilidhani wasahihishaji wamekosea."

Mwalimu Bernadeta akavuta fomu mbili kutoka kwenye bunda, akafungua kalamu, akazitia sahihi zote mbili, ya Tatu kwanza.